Sisi Hatuhesabiwi, Tunatajwa

Mwaka watu wa serikali walipoandika kwamba kijiji chetu kimekwisha watu, mimi nilikuwa nimelemewa na sare za shule hadi nikawa nafukuza wateja. Nataka hilo lijulikane kwanza. Mimi ni fundi cherehani, kijiji chote hupita barazani pangu kupimwa, na mtu atakayeniambia hakuna watu ilhali vidole vyangu vina matundu ya sindano kwa ajili ya watoto wao, huyo namkabidhi mkasi akate mwenyewe tuone.

Jina la kijiji nitalihifadhi. Ukitoka Garsen, ukaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea upande wa Golbanti, utapita vichaka vya mathenge, utapita mashamba ya mpunga, kisha utaona mabati yanang'aa juu ya mwinuko mdogo karibu na mto. Ndipo petu. Mvua ikinyesha kule juu milimani, sisi huku ambao hatujapata hata tone tunaamka asubuhi mto uko mlangoni. Njia hukatika, na Garsen, ambako siku za kawaida bodaboda hufika kabla chai haijapoa, panakuwa mbali kama Mombasa.

Baba yangu alikuwa Mpokomo wa hapa hapa mtoni, Mkristo wa kuimba kwaya. Mama ni Mgiriama, wazee wake walitoka upande wa Malindi kuja kutafuta ardhi ya kulima. Mimi nikaolewa na Muorma, mtu wa ng'ombe, nikasilimu, nikahamia upande wa pili wa kijiji. Ni mwendo wa kuazima chumvi tu, lakini kwa vile vilio ungedhani nimepelekwa Arabuni. Baba alininunia msimu mzima wa maembe. Mama alisema, "Bora asikunyime maziwa." Mume wangu hajaninyima hata siku moja. Ukame ndio ulioninyima.

Watu wengi wa nje hudhani kijiji ni kitu kilichotulia, kama jiwe. Mimi nimekaa nyuma ya cherehani miaka mingi na nakwambia hakijatulia hata kidogo. Nilipoanza kazi, kina mama wa Kipokomo waliniletea vitambaa vya blauzi, wanawake wa Kiorma waliniletea vya mashungi na magauni marefu, na mabibi wa Kigiriama waliniletea shuka nyeupe niwashonee hando, ile sketi yao yenye mikunjo mingi inayomaliza uzi wote dukani. Siku hizi hando naletewa tu mwanasiasa anapokuja na wanataka kumchezea. Wasichana wote wanataka diraa, Mkristo kwa Mwislamu, na wakivaa zikipepea siwezi kujua ni mtoto wa nani hadi niangalie miguu, maana miguu ya watu wa hapa inafanana na ya mama zao.

Na malipo nayo yamebadilika. Zamani nilishona kwa mpunga, kwa kambare mkavu, kwa kibuyu cha maziwa kila asubuhi hadi deni la gauni likaisha. Siku hizi simu inalia kifuani, kijana analinda geti la mtu huko Mombasa na amemtumia mama yake pesa za sare. Vijana wetu wanaondoka kweli, sikatai. Wanaondoka na suruali mbili, wanarudi na mke ambaye hajui Kipokomo wala Kiorma, naye namshonea.

Jambo kubwa nililoliona ni hili: ng'ombe walipokufa, watoto waliingia darasani. Ukame ulipofagia mifugo, baba wengi wa Kiorma waliokuwa wakihamahama na mifugo walirudi na fimbo mkononi bila cha kuchunga. Wakakaa. Wakaomba vipande vya shamba kwa wale wale waliokuwa wakigombana nao juu ya mahindi yaliyoliwa. Wengine wakaanza kuuza maziwa ya ng'ombe wachache waliobaki, wakiyapeleka Garsen kwa pikipiki. Nikaanza kuona watoto wao wakija kupimwa sare, warefu, wakubwa kuliko darasa lao, wanaona haya. Mume wangu hakupenda kuniona nikifurahi. "Wewe unafurahia sare, mimi ninalilia ng'ombe," aliniambia. Tuliyasema yote mawili kwenye mkeka mmoja.

Ilikuwapo pia miaka mibaya, watu wa mtoni na watu wa ng'ombe walipochomeana nyumba na kuuana. Sitaieleza hapa. Nitasema tu kwamba tangu wakati huo, mtu akikuuliza kabila lako huku ameshika kalamu, moyo wako hausemi kweli upesi.

Sasa, wale wenye kalamu walikuja wakati wa kiangazi. Kalamu zenyewe zilikuwa vishikwambi. Walikuwa vijana wa heshima, wenye viatu visivyowahi kuona tope, na maswali yao yalikuwa mepesi kwa mtu wa mjini. Mko wangapi nyumbani? Mapato yenu ya mwezi ni nini? Kabila? Walisema ni kwa ajili ya mipango ya maendeleo. Hakuna aliyewaamini, maana hapa watu wa mipango wakija na magunia tunaongezeka, na wakija mikono mitupu tunapungua.

Walianza kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, Muorma wa zamani, mtu asiyeupisha hata upepo. Alikuwa kaketi kwenye ngozi yake nje ya nyumba.

"Bibi, hapa nyumbani mko wangapi?"

"Mungu najua."

"Tunahitaji idadi, bibi."

"Wewe nahesabu watu kwa nini? Wewe nataka kununua?"

Kijana akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwetu mtoto hahesabiwi, wala ng'ombe hahesabiwi. Ukimwonyesha mtu kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, umeyaonyesha mauti njia ya kupita. Waorma wanaamini hivyo, Wapokomo wanaamini hivyo ingawa watakwambia wameshaokoka, na mama yangu Mgiriama alikuwa akinipiga kofi mkononi nikihesabu vifaranga. Basi mavyaa akajiwekea kidole kifuani, akasema, "Mimi. Andika mimi." Na kijana akaandika bibi mmoja, huku wajukuu wakichungulia kwenye tundu la mlango nyuma yake.

Nyumba iliyofuata ni ya jirani yetu Mpokomo, mwenye shamba la mpunga na miembe ambayo matawi yake huinama kwa uzito wa matunda. Wakamuuliza mapato ya mwezi. Akafikiri sana. Mpunga hauvunwi kwa mwezi, embe haliivi kwa mwezi, na isitoshe aliona labda wanatafuta maskini wa kumsaidia. Akasema, "Hakuna." Wakauliza, "Hakuna kabisa?" Akasema, "Kabisa, mwanangu, tunaishi kwa neema." Wanawe na wakaza wanawe walikuwa kwenye vibanda vya shambani wakiwafukuza ndege wasimalize mpunga, kama ilivyo kila mwaka mpunga ukianza kushika. Wao hulala huko huko. Kwa hiyo nyumba zao zilikuwa na kufuli, na vijana wakaziandika kuwa zimeachwa.

Nao Wagiriama! Yupo mama mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alizaliwa hapa, mamake kazikwa hapa, wanawe wote wamezaliwa hapa. Alipoulizwa alisema, "Sisi ni wapita njia tu, mwanangu. Mavuno yakiisha tunarudi Malindi." Nilimsikia kwa masikio yangu nikataka kumtupia mkasi. Mkataa kwao ni mtumwa, nilimwambia baadaye. Akanijibu, "Kila uchaguzi naambiwa nirudi kwetu. Safari hii nimewawahi." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alikuwa amechoka kuvutwa kamba katika ua aliozaliwa.

Kisha wakaja kwangu. Niliwapa chai na mahamri, nikawaambia kila kitu, maana mimi sina hofu na kalamu. Tulipofika kwenye kabila nikasema: baba Mpokomo, mama Mgiriama, mume Muorma.

"Chagua moja, mama. Kuna nafasi moja."

"Nafasi moja ni ya kishikwambi chako. Mimi sina nafasi moja."

"Basi nitaandika 'wengineo'."

Wengineo! Kama mchuzi uliobaki sufuriani. Nilimnyang'anya hamri lililokuwa mkononi mwake. Najua si ustaarabu, lakini nilimnyang'anya, na sijajuta.

Miezi ikapita. Binti yangu, ambaye ameolewa na mwalimu kutoka Kakamega aliyeletwa kufundisha shule yetu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mvua zilikuwa zikinukia. Ndipo chifu akaita baraza. Afisa kutoka ofisi za kaunti alisimama mbele yetu, bwana mwenye sauti ya upole, akatusomea habari zetu wenyewe. Kijiji kinapungua. Nyumba nyingi zimeachwa. Waliobaki ni wazee. Mapato hakuna. Wengine ni wapita njia. Kwa hiyo zahanati itahamishiwa barabarani kule juu, na sisi tunashauriwa tuhamie huko pia. Nesi ataondoka, na friji ya chanjo itaondoka, na kitanda cha kuzalishia kitaondoka.

"Serikali haiwezi kuweka nesi mahali pasipo na watu," alisema, na aliyasema hayo mbele ya uwanja uliojaa watu hadi wengine wamekaa juu ya ukuta wa shule.

Hakuna aliyecheka. Kila mwanamke pale alikuwa akiwaza jambo moja. Zahanati yetu ni vyumba viwili na kitanda kimoja, lakini iko juu ya mwinuko, upande huu wa maji. Njia ikikatika, mwenye uchungu wa kuzaa akipelekwa barabarani ataanza kwa mtumbwi, kisha abebwe kwenye tope, kisha atafutiwe pikipiki. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo lake na kunitazama mimi, na nilijua ananiuliza nitafanya nini. Niliogopa. Sitajifanya shujaa.

Afisa alipoondoka tulianza kushambuliana. Mpokomo mwenye miembe alisema kosa ni la watu wa ng'ombe, wanaficha watoto kama magendo. Mume wangu akamwambia mtu mwenye embe za kulisha Garsen nzima asiseme anaishi kwa neema. Mtu akasema Wagiriama wametuuza, si wamesema wenyewe hawakai hapa? Mama jirani akasimama, akafunga leso yake vizuri kiunoni, na mimi nikajua tunaelekea wapi, maana tulishawahi kuelekea huko. Penye wengi pana mengi, lakini haya hayakuwa mengi ya kawaida. Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini chote, nakumbuka tu nilisema kwamba ile zahanati inayohamishwa haiulizi mwenye uchungu kabila lake, na kama wanataka kupigana wapigane baada ya binti yangu kujifungua.

Watu wakapoa kidogo. Mkwe wangu mwalimu akatoa wazo la mwalimu: tujihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, tupeleke idadi kamili. Mavyaa akagonga fimbo chini.

"Hapana. Watoto yangu hapana hesabu."

"Lakini bibi, wataondoa zahanati," mwalimu akamwambia kwa adabu.

"Wao naondoa, mimi napigana na yeye. Lakini hesabu hapana."

Mkwe wangu akanitazama mimi, mwenye mavyaa. Nilikuwa na hasira naye, bibi huyu na mauti yake. Nikamuuliza kwa ukali kuliko inavyostahili kumuuliza mama wa mumeo: kama hamhesabu ng'ombe, jioni mnajuaje mmoja amepotea?

Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa anajuaje mdomo wake uko wapi. "Mimi naita yeye kwa jina," alisema. Akaanza kuwataja ng'ombe wake wa zamani, wale waliokufa na ukame, pale pale mbele ya watu: yule mweupe mwenye sikio lililochanika, na mamake, na mama wa mamake, yule mwekundu aliyezaliwa Kau mwaka wa mafuriko. Akitaja kila mmoja mume wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Hapakuwa na tarakimu hata moja katika maneno yake na hapakuwa na ng'ombe aliyesahauliwa.

Basi tukakubaliana. Hatutahesabiwa. Tutatajwa.

Siku pikapu ya kubebea vitu ilipokuja, walikuta uwanja wa zahanati umejaa. Waliokuwa kwenye vibanda vya mpunga waliwaachia ndege mpunga wao siku nzima, na anayejua ndege wa hapa atajua hiyo ni sadaka ya namna gani. Wachungaji walileta ng'ombe wachache waliobaki karibu na kijiji. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao, na hilo nalo si dogo. Afisa yule yule mwenye sauti ya upole alishuka, akatazama huku na huku.

"Hawa wote wametoka wapi?" alimuuliza chifu.

"Hapa," tukajibu sisi.

Wapakiaji hawakungoja mazungumzo. Walikwisha kutoa kitanda cha kuzalishia, wamekiweka barazani wapumue. Binti yangu akasonga kati ya watu, mzito, anatembea kama bata, akakipanda, akakalia katikati, akakunja miguu.

"Mkikibeba, mnibebe na mimi," alisema.

Wapakiaji wale ni vijana wenye mama zao. Walitazamana, wakatazama lile tumbo, wakaenda kukaa kwenye kivuli cha gari. Afisa akamsihi. Akamwita dada, akamwita mama. Binti yangu akaomba maji ya kunywa, akaletewa, akanywa taratibu.

Mavyaa ndiye aliyeanza. Alisimama na fimbo yake mbele ya afisa, akamwambia aandike. Alimtaja mwanawe mkubwa, akamtaja na baba yake na babu yake, jinsi anavyotaja mifugo.

"Bibi, jina moja linatosha," afisa akasema.

"Ngoja. Jina peke yake, hiyo napotea."

Akaendelea. Wale wajukuu waliokuwa nyuma ya mlango siku ile alimwita kila mmoja aje mbele, akamshika kichwa, akataja jina. Baada yake akaja Mpokomo mwenye miembe. Akataja watu wa nyumba yake wote, waliopo na walioko Mombasa ambao hurudi kuzikwa, kwa sababu, alisema, mtu ambaye kaburi lake liko hapa huwezi kumwandika kwingine. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba ana shamba la mpunga na miembe na kwamba ile habari ya neema aifute. Hapo watu walicheka kweli.

Afisa alianza kwa kuandika kwa haraka, kama mtu anayemalizia maudhi. Taratibu akapunguza mwendo. Akaanza kuuliza, "Huyu ni yupi?" na aliyetajwa akainua mkono. Jua lilipanda, akaletewa kiti, akakataa chai, baadaye akaomba chai. Waliozaliwa kwa wazazi wa makabila mawili walitajwa kwa pande zote mbili. Mwenye duka letu, Msomali ambaye hata sisi tulikuwa tukimwita mgeni, alisimama pembeni hadi mtu akamvuta: "Na wewe njoo, si mgeni siku mbili? Wewe umeshika jembe kitambo." Akataja watu wa nyumba yake kwa sauti ya chini. Miaka yote hiyo nanunua uzi kwake sikuwahi kujua majina ya watoto wake.

Mama jirani, yule mpita njia, aliendelea kukaa. Nikadhani hatasimama. Aliposimama hakumtazama afisa, alitutazama sisi, mmoja mmoja, hasa wale waliowahi kumwambia arudi kwao. Akamtaja mamake aliyezikwa nyuma ya shule. Akajitaja mwenyewe. Akataja wanawe. Kisha akauliza, "Yupo wa kunipinga?" Hapakuwa na wa kumpinga, na aliyekuwa nalo moyoni alilimeza.

Majina hayo siyaandiki hapa. Yalitajwa mbele ya wenyewe, kwa sababu yao wenyewe, na yaliandikwa siku ile. Anayeyataka aje.

Mimi nilikuwa karibu na mwisho. Nikataja mume wangu, nikataja wanangu, binti yangu akainua mkono juu ya kitanda kama mwanafunzi. Nikamtaja mkwe wangu. Afisa akaandika, akauliza bila kuinua kichwa, "Ndio wote?"

Nilikuwa nimepanga kusema ndio. Lakini kinywa kilikataa. Nikamwambia yupo mwingine, kifungua mimba wangu, wa kiume. Zahanati hii ilikuwa bado haijajengwa. Njia ilikatika, wakanipakia kwenye mtumbwi usiku wa mvua, na mume wangu akapiga kafi hadi ngozi ya viganja ikachunika, na mtoto akazaliwa katikati ya maji, na hakulia. Tulimzika hatujampa jina. Mtoto wetu wa kwanza hakuwahi kuitwa na mtu.

"Huyo hana jina," nikamwambia. "Unataka idadi? Mhesabu huyo. Ndiye peke yake hapa unayeweza kumhesabu."

Mume wangu alikuwa amegeuka anatazama mto. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo nimeibeba tangu ujana wangu, na siku ile niliitua mbele ya mtu aliyestahili kuiona, hata kama si yeye aliyenitwisha.

Afisa alifunika kalamu yake. Kisha akainuka, akawaendea wapakiaji, akasema nao maneno machache. Wakarudi barazani. Mmoja akamwomba binti yangu ashuke ili wakirudishe kitanda ndani.

"Kirudisheni na mimi nikiwa juu," akasema.

Nao wakakibeba, mmoja kila pembe, wakiguna, wakimwinamisha mlangoni asigonge kichwa, na kina mama wakapiga vigelegele hadi ng'ombe wakatawanyika.

Baadaye ilikuja barua kupitia kwa chifu. Zahanati itabaki kwa muda, ilisema. Wengine walinung'unika juu ya hayo maneno, kwa muda. Mimi nilisema yatosha. Sote tuko kwa muda, na muda wetu tutaukalia hapa. Wanaosema kijiji kinakufa wanatazama makufuli ya milango. Waje kiangazi mpunga ukiwa mashambani watasikia mlio mtupu wa watu wanaopiga debe kufukuza ndege.

Mvua zilikuja kabla wino wa barua haujakauka mikononi mwa watu. Mto ukapanda, njia ikazama, na uchungu ukamshika binti yangu mchana, maji yakiwa pande zote. Nilimshika mkono, tukatembea naye hadi zahanati kwa miguu yetu, tukipita tulipoweza kupita. Nesi alikuwepo. Mkwe wangu alikuwa nje anazunguka jengo kama aliyefukuzwa darasani. Mimi nilisimama ndani nimeziba masikio, kwa kuogopa ule ukimya ninaoujua.

Nikasikia hata kwa masikio yaliyozibwa. Mtoto alilia kwa hasira, akalia akakata pumzi, akalia tena, na kutoka nje, juu ya kelele za mvua kwenye mabati, mavyaa akapaza sauti:

"Huyo mimi nasikia! Leta hapa, nataja yeye sasa hivi!"